Njuga Ishirini na Nne

Jumamosi, tarehe 8 Februari 2020, saa nne na nusu za asubuhi, mwanamke wa makamo aliingia nyumbani kwangu Darsait, hapa Maskat, akiwa amebeba sanduku pana la bati lililofungwa kwa shuka. Mjukuu wangu ndiye aliyemfungulia. Alivua viatu mlangoni, akaivuka sebule yangu ya vigae mpaka kwenye kochi, na mimi, niliyekuwa nimempa mgongo nikimimina kahawa, sikumsikia. Masikio yangu hayana kasoro. Namsikia paka wa jirani anapotua ukutani. Nilipogeuka na kumkuta ameshakaa, mikono yake imelala mapajani kama vitu vilivyowekwa pale na mtu mwingine kwa uangalifu, nilimjua kabla hajataja jina. Katika maisha yangu yote nimemwona mtu mmoja tu aliyetembea hivyo. “Wewe ni mtoto wa Ibemcha,” nikamwambia, naye akainamisha kichwa, akasema anaitwa Leima, na kwamba mama yake alifariki dunia mwezi wa Agosti uliopita, akiwa amelala, na aliacha agizo kwamba sanduku lile lifike mkononi mwangu.

Wanangu hunitania kwa tarehe. Husema kwamba mama yao hawezi kueleza alivyokunywa chai bila ya kutaja siku ya mwezi. Waache wacheke. Niliingia darasani kwa mara ya kwanza mwezi wa Oktoba 1973, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, watoto wawili, na tumbo la wa tatu, na nikakaa kwenye dawati moja na wanawake walionizidi umri na walionipungukia, na sikuona haya. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alinishikia taa jikoni nilipokuwa nikiandika herufi zangu. Mtu aliyepata elimu akiwa mtoto huichukulia kama maji ya bomba. Mimi niliichota kwa mkono, na siku nilizozihesabu sizitupi. Lakini mwaka ninaotaka kuuandika hapa ni wa kabla ya hapo: ni mwaka 1967, nilipokuwa najua tarakimu tu, nazo nilizijulia kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani kwa watu wengine.

Kalenda hiyo ilikuwa katika chumba cha juu cha nyumba ya mawe ndani ya kuta za Maskat ya zamani, mwendo wa kupiga ukelele kutoka pale nilipokuwa nikiishi na mama yangu mdogo, Bi Zuweina, tangu tulipotoka Unguja. Mwenye nyumba alikuwa Baniani, mfanyabiashara wa vitambaa, aliyekaa chini pamoja na mkewe na mama yake mzee asiyetoka kitandani. Juu alikaa Bwana Dutta, Mhindi wa Bengali aliyefanya kazi ofisi ya simu, na mkewe Ibemcha. Walikuwa wameishi Unguja miaka mitano kabla ya kuhamishiwa huku, na ndivyo nilivyomjua: siku ya Jumatano, tarehe 1 Februari, nilikuwa uchochoroni nikibishana na muuza samaki wa Sidab kwa Kiarabu changu kibovu, nikamalizia hasira yangu kwa Kiswahili, nikidhani hapana anayekielewa. Sauti ikatoka dirishani juu. “Usimtukane, mdogo wangu. Kesho utamtaka tena.” Nikainua uso. Nikaona mwanamke wa uso wa mviringo na macho membamba, ambaye ningemdhania Mchina, anacheka na kitambaa mdomoni.

Nilianza kupanda ngazi zile kwa kisingizio cha kuazima ungo. Chumba kilikuwa kirefu na cheupe, kina madirisha mawili, moja likielekea bandarini na jingine likielekea mlimani, na mwanga uliokuwa ukiingia kwa madirisha hayo ulikutana katikati ya sakafu kama watu wawili wasiojuana. Pembeni palikuwa na rafu yenye sanamu ndogo ya mungu wao mwenye filimbi, amevishwa kitambaa safi kila asubuhi. Nilifundishwa kutoitazama, na sikuitazama, ila najua ilikuwa na shada la asumini. Ibemcha alipika wali laini na mboga zilizopondwa pamoja na dagaa wakavu na pilipili, chakula chenye harufu iliyomfanya Bwana Dutta ahamie dirishani na sahani yake. “Mke wangu anatoka nchi wanayokula maiti za samaki,” aliniambia. “Na wewe unatoka nchi wanayokula maneno,” akajibu Ibemcha, akaniongezea.

Nchi yake inaitwa Manipur. Iko mashariki kabisa ya Uhindi, bonde lililozungukwa na milima, karibu na Burma. Huko, alinieleza, kucheza si tafrija wala si kazi ya kumpendeza mtazamaji. Ni ibada, na mwanamke hucheza kama vile mimi ninavyotia udhu. Kila mwaka, katika mwezi wa Novemba, mwezi unapokuwa mpevu, wanawake huingia kwenye ua wa hekalu, husimama duara, na hucheza mchezo mtakatifu uitwao Ras, kisa cha wasichana wachunga ng'ombe na mapenzi yao kwa mungu wao mwenye filimbi. Huvaa potloi, sketi ngumu iliyo wima kama pipa, yenye ukanda mpana wa chini uliojaa vioo na nyuzi za fedha, na juu ya nyuso zao huteremsha shela nyepesi. Nilipomweleza Mama Zuweina habari ya shela alitua kijiko chake. “Wanajifunika? Basi wana adabu kuliko hao wanaoimba redioni.”

Tarehe 6 Machi, Jumatatu, ilifika barua. Nilimkuta Ibemcha amekaa sakafuni, katikati kabisa, pale mianga miwili inapokutana. Mama yake alikuwa amefariki Disemba, na barua ya kaka yake ilichukua muda wote ule njiani. Hakuwa akilia. Alinisimulia tu, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni, kwamba potloi ndiyo pia nguo ya bibi harusi kwao. Kwamba mama yake alimshonea ya kwake mwaka mzima, kioo kwa kioo. Na kwamba yeye alitoroka na Bwana Dutta kabla ya kuivaa, kwa sababu mama hakumtaka mkwe wa kigeni. Mama aliitia nguo ile motoni. Miaka minane hawakuandikiana. Na sasa kaka alikuwa ameandika neno la mwisho la mama: kwamba katika duara la wanawake wa hekalu lao ana nafasi yake, ya saba kutoka mlangoni, na mwaka wa kwanza nafasi ile isikae tupu. Ibe aijaze, popote alipo, chini ya mwezi uleule.

“Nina mwezi,” akasema. “Nguo sina.”

Mimi nilikuwa mshona kofia. Tangu nina miaka tisa nilikuwa natarizi kofia za vito, zile za matundumatundu, na kila anayejua kazi hiyo anajua siri yake: kitambaa cha pamba, ukikishona tundu kwa tundu na ukakitia dondo ya wanga na kukikausha kwenye kibao, husimama chenyewe kama ukuta. Nilimwambia, “Ukanda huo mgumu ni kofia tu, dada Ibe. Kofia ya mtu mwenye kichwa kikubwa.” Kwa mara ya kwanza siku ile alicheka, kisha akalia.

Tulishona kuanzia Aprili mpaka Novemba. Vioo alitupa mke wa mwenye nyumba, ambaye kwao Kachi, huko Uhindi, hawashoni blauzi bila ya vioo. Nyuzi za fedha zilitoka kwa mfua majambia wa Matrah. Joto la Juni lilitushinda. Dondo ililegea kwa unyevu, ukanda ukainama kama mtu aliyechoka kusimama, nikaufumua na kuanza upya kwa tabaka saba za kitambaa badala ya nne. Tulipochoka, Ibemcha alinionyesha mikono. Alisema kwamba kabla ya mungu mwenye filimbi kufika kwao, palikuwa na dini ya zamani zaidi, na makuhani wake wanawake bado hucheza namna ulimwengu ulivyofanyika. Mkono wake ulifanya jicho, kisha pua, kisha kitovu. Akafanya nyumba, nguzo na paa. Akapanda pamba, akaivuna, akaisokota, akaifuma, yote hayo amekaa kitako, vidole tu vikifunguka na kufumbika kama kitu kinachoota majini. Nilimuuliza kama wanacheza pia kushona. Alifikiri. “Kushona walikuachia wewe.” Mpaka leo, nikiwa kati ya usingizi na kuamka, huviona vidole vile katika mwanga mweupe wa chumba kile, na husahau kuwa mimi ni mwanamke mzee mwenye presha.

Miguu yake niliiona pia, siku alizojizoeza. Ilitua kwa ncha, bila ya sauti yoyote. Nilijieleza hivi: anamwonea huruma bibi mgonjwa wa chini, na anaogopa majirani, kwani siku zile ngoma na kelele hazikutakiwa mjini. Nilihuzunika kwa ajili yake. Mimi nilikuwa nimeona michezo ya Kihindi kwenye sinema za Unguja, maonyesho ya wanawake, na ninalokumbuka zaidi ni njuga, mlio wa njuga uliojaza ukumbi mzima mpaka kina mama wakaitikia kwa vigelegele. Nikaamua kwamba njuga ndizo alizokosa Ibemcha, na kwamba kwa adabu yake hawezi kuziomba.

Majirani kweli walikuwa na maneno. Jioni moja ya Oktoba nilikuwa juu ya dari nikianua nguo, nikamsikia Bi Rayya, jirani yetu, akimwita mama mdogo kutoka upande wa pili wa ukuta. “Zuweina, mwanao nnamwona kila siku kwenye ngazi za yule Baniani. Anafunzwa ngoma ya masanamu?”

“Anashona.”

“Anashona nini miezi yote hiyo?”

“Nguo. Fundi wetu wa Mkunazini kule Unguja kawashonea Wazungu suruali miaka thalathini, na nguruwe hajamwonja.”

“Suruali haichezi, mwenzangu.”

“Inategemea aliyeivaa,” akasema Mama Zuweina, na nikamsikia Bi Rayya akicheka bila ya kutaka. Lakini usiku ule aliniita. “Salha, mwanangu. Siku ya shughuli yenyewe utakaa kizingitini. Hutoingia, hutoinama, hutokula cha kwenye rafu yao. Mzinga wa ngome usikukute nje. Nimekutetea juu; usinivue nguo chini.” Nikamwahidi; siku zile mzinga ulipolia usiku, malango ya mji yalifungwa na watu walitakiwa wawe majumbani.

Nilikuwa na mitali miwili ya fedha, ya miguu, niliyovishwa utotoni, kila mmoja una njuga kumi na mbili ndogo kama punje za mtama. Ndicho kitu pekee nilichotoka nacho Unguja mwilini. Siku tatu kabla ya shughuli nilizikata njuga zote, na nikazishona ndani ya ukanda wa potloi, kati ya bitana na tabaka la mwisho, nikaziba kwa dondo na kuanika. Nilifanya kazi nzuri. Hapana jicho ambalo lingeziona. Ningekuwa naona aibu kuyaandika haya kama yasingekuwa ya kweli: nilikuwa nikitabasamu peke yangu nikishona.

Ijumaa, tarehe 17 Novemba 1967. Kwetu ilikuwa inaingia nusu ya Shaabani; Mama Zuweina alikuwa amefunga, na tangu alasiri alikuwa na msahafu wake mapajani. Kwa Ibemcha ndio mwezi mpevu wa Ras. Nilipanda ngazi saa tisa na nusu, potloi imefunikwa khanga, nikakaa kizingitini kama nilivyoahidi. Ibemcha alikuwa ameoga na kufunga tangu alfajiri, na chumba kilikuwa tupu, kimedekiwa, kinanukia udi. Aliingia katika sketi kama mtu anayeingia majini. Ikasimama. Vioo vikatupa madoa ya mwanga dari nzima, Bwana Dutta akasema neno moja kwa lugha yake na kuvua miwani. Kisha Ibemcha akapiga hatua.

Zikalia zote.

Alisimama pale pale. Hakunikemea. Alitazama chini, akasogeza nyonga kidogo, zikalia tena, na nikaona uso wake ukipauka. “Ni zangu,” nikasema. “Za miguuni kwangu. Nilitaka uwe nazo.” Bwana Dutta alifumba macho.

“Mdogo wangu,” akasema taratibu, “kwetu mguu wa mwanamke katika Ras hauipigi ardhi. Hauwezi kuwa na sauti. Ukisikika wewe, umekwisha kumsahau uliyemwendea.” Akaivua sketi, akaiweka kizingitini kati yangu na yeye, akaenda kuleta nyembe mbili.

Jua lilikuwa limeshashuka upande wa magharibi. Tulifumua, yeye ndani ya mlango na mimi nje, magoti yetu yakigusana. Kila njuga ilibidi ichimbwe kwenye dondo kavu kama chokaa, na kila tulipochimba sana ukanda ulilia kutaka kuvunjika. Bwana Dutta alishika bakuli la shaba lililofunikwa kitambaa ndani, ili zikidondoka zisilie. Nilisikia adhana ya Magharibi, na nilijua Mama Zuweina anafungua kwa tende, na kwamba huko kwao Ibemcha, ambako jua lilishatua zamani, wanawake wamesimama duara na pana pengo la saba kutoka mlangoni. Mwezi ulipotoa ukingo wake juu ya mlima, Ibemcha alipapasa ukanda mzima kwa vidole, akashona palipofunguka kwa mishono mikubwa, akasema, “Basi.”

Alipokuwa akivaa, nilizihesabu njuga ndani ya bakuli. Ishirini na tatu. Nikahesabu tena, nikizigeuza kwa ncha ya kidole. Ishirini na tatu. Nilifungua mdomo. Lakini alikuwa ameshateremsha shela, na Bwana Dutta ameshafunga vitambaa kwenye matoazi yake madogo na kuanza kuimba kwa sauti ya chini. Nikajiambia: wewe ni msichana usiyesoma, utakuwa umekosea kuhesabu. Nikafumba mdomo.

Alicheza nafasi moja tu ya duara. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Hakucheza kama mtu aliye peke yake. Alicheza akiwaachia wengine nafasi, akimpisha asiyekuwepo kushoto, akimpa mkono asiyekuwepo kulia, na duara zima likaonekana kwa mapengo yake. Uso wake ndani ya shela haukumtazama mtu. Sketi iliteleza juu ya sakafu kana kwamba chini yake hamna miguu, na mwezi ulikuwa umeingia kwa dirisha la mlimani na kulala pale katikati. Mimi nilikaa kizingitini nimejishika magoti, nikisikiliza. Sikusikiliza wimbo. Nilisikiliza njuga ile moja, kila alipozunguka, kila alipoinama, kila alipopiga magoti na kuinuka tena, nikijua kwamba ikilia, basi nimemharibia mama yake, mwezi wake na mwaka wake. Ilipokwisha, alipokuwa amelala kifudifudi mbele ya rafu, niligundua kwamba ukosi wangu umelowa machozi. Hapakulia kitu. Nilirudi nyumbani na kandili kabla ya mzinga, na bakuli la njuga zangu chini ya buibui, na Mama Zuweina aliniangalia akasema tu, “Kula.”

Waliondoka Maskat mwezi wa Machi 1968. Barua zake za mwanzo nilisomewa na watu. Ya kwanza niliyoisoma mwenyewe ilikuwa ya Januari 1975, na sikumuuliza kuhusu njuga, wala katika nyingine yoyote. Nilishakubali kwamba nilikosea. Sasa wanangu wanajua kwa nini mama yao huhesabu kila kitu mara mbili.

Leima alifungua sanduku. Fedha ilikuwa imegeuka nyeusi na vioo vingi vimetoka, lakini ukanda ulikuwa umesimama. Alisema aliolewa nayo, na binti yake pia; kwamba mama yake, alipomfundisha Ras, hakumruhusu kujizoeza kwa nguo nyingine. “Aliniambia imo njuga moja,” akasema. “Alihisi kwa kidole siku ileile, mbele, karibu na mshono. Alisema, ‘Salha alitoa alichokuwa nacho, na mimi nimekitoa chote bakulini. Hiki kimoja nitakwenda nacho.’” Akapitisha kidole juu ya ukanda, akanishika mkono, akakiweka kidole changu pale. Ilikuwepo, ndogo kama punje.

Niliingia chumbani, nikatoa mkebe, nikazimwaga njuga zangu juu ya meza. Mjukuu wangu alizihesabu bila ya kuambiwa. Leima aliuliza kama nina wembe, anitolee ile moja ili zitimie.

“Iache,” nikasema. “Vaa.”

Aliivaa juu ya nguo zake za safari, akateremsha mtandio usoni, na akaanza kutembea kutoka kwenye kochi kuelekea mlangoni, juu ya vigae vyangu, mbele ya meza yenye vikombe vya kahawa. Nilifumba macho, nikamsikiliza mpaka alipofika. Haikulia.